Jerikeni 25 za asali, nimelipwa kilo 500. Nimeibiwa au nimejiibia?

MzingaMmoja (Arua)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msinicheke kabla hamjasoma hadi mwisho.

Nafanya biashara ya asali kutoka huku West Nile kwenda Kampala, mwaka wa tatu huu. Nanunua vijijini kwa jerikeni, zile za njano za lita 20, shilingi 180,000 kila moja, kisha natafuta lori la kunisafirishia. Mwezi uliopita nikapata oda kubwa kuliko zote: duka moja la Kampala lilitaka kilo 500, bei 12,000 kwa kilo. Nikapiga hesabu kichwani: 500 gawa kwa 20, jerikeni 25. Nikapeleka 25. Wakapokea, wakanilipa milioni 6, tukaagana vizuri, hata soda nikanyweshwa.

Juzi kijana wangu wa S.2 (sekondari mwaka wa pili) akaona nimeandika kwenye daftari "jerikeni 1 = kilo 20". Akauliza, "Baba, hiyo ni ya maji au ya asali?" Nikamwambia lita ni lita. Akacheka. Tukabeba jerikeni moja iliyobaki nyumbani mpaka kwa jirani anayenunua mahindi, ana mizani ya magunia. Mshale ukaenda kilo 29 na ushee.

Naombeni mnieleze. Mizani ya jirani ni mbovu, au mimi nimepeleka asali ya bure Kampala?

BodaWandegeya
Pole mkuu. Hiyo soda uliyonyweshwa ndiyo soda ghali kuliko zote Uganda.

KijikoKimoja
Mizani ni nzima. Asali ni nzito, kila mtu anajua. Imeshikana, haitiririki kama maji. Kitu chochote kizito kumiminika lazima kiwe na kilo nyingi. Ndiyo maana hata uji mzito unashibisha.

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Ndugu MzingaMmoja, mizani ya jirani haina kosa kubwa. Umepeleka asali ya bure.

KijikoKimoja, ndugu yangu, hapo lugha yetu imekuponza. Neno "zito" tunalitumia kwa mambo mawili tofauti. Uji mzito ni ule usiomiminika haraka. Mzigo mzito ni ule unaovunja mgongo. Asali ni nzito kwa maana zote mbili, ndiyo maana umeyachanganya. Chukua mafuta ya kula: kwa kumiminika ni mazito kuliko maji, yanavutika. Sasa yamwage juu ya maji uone yanakaa wapi. Yanaelea. Kushikana hakuna uhusiano na kilo.

Kinachotakiwa hapa ni densiti. Lita ni nafasi. Kilo ni kiasi cha kitu kilichoingia kwenye nafasi hiyo. Densiti inakuambia lita moja ya kitu fulani inabeba kilo ngapi, basi. Kwa hiyo:

kilo = densiti × lita
lita = kilo ÷ densiti

(Najua wengine watakuja na tofauti ya tungamo na uzito. Darasani ni muhimu, nawafunza wanafunzi wangu. Sokoni tuiache.)

Maji ndiyo yaliyotuharibu. Lita moja ya maji ni kilo moja, karibu kabisa, tukadhani vitu vyote viko hivyo. Na si bahati. Wafaransa walipopanga vipimo vya metriki mwaka 1795 walisema gramu moja iwe uzito wa maji yanayojaa sentimita moja ya ujazo. Yaani maji ndiyo waliyopimia. Asali haikuulizwa.

Fanya jaribio hili, usiniamini mimi. Tafuta chupa ya soda ya plastiki na mizani ya jikoni ya dijitali. Pima chupa tupu. Ijaze maji mpaka mdomoni, pima. Mwaga, kausha kabisa, ijaze asali mpaka palepale, pima. Toa uzito wa chupa mara zote mbili, kisha gawa asali kwa maji. Hivyo huhitaji kujua chupa inaingia mililita ngapi, maji yenyewe yamekupimia nafasi. Leta namba hapa.

TaniBoyTororo
Mwalimu amesema kweli. Mimi naendesha tangi la mafuta, napakia Eldoret, navuka Malaba, nashusha Kampala. Sisi tunaishi na hii kitu. Jerikeni ya lita 20 ya petroli ni kilo 15 hivi, dizeli kama 17. Ukizoea kubeba maji halafu ukabeba petroli unadhani haijajaa.

Lakini nawapa utamu mwingine. Eldoret iko juu, asubuhi ni baridi kweli. Napakia lita 36,000 za petroli kwenye nyuzi 18 tuseme. Nafika Kampala mchana mafuta yamepata nyuzi 28. Ukipima kwa kijiti, lita zimeongezeka! Kwa nyuzi 10 petroli inatanuka karibu asilimia moja, ni kama lita 340. Wakati sijaongeza hata tone. Kilo ni zilezile, zimechukua nafasi kubwa zaidi, densiti imeshuka. Na kinyume chake: ukipakia kwenye joto ukashusha kwenye baridi, kijiti kinasema umeiba. Nilipoanza kazi nilikosa usingizi kwa sababu ya hiyo. Siku hizi ukinipa lita bila kuniambia joto, sijakusikia.

BodaWandegeya
@TaniBoyTororo kwa hiyo mimi ninayejaza petroli saa saba mchana napunjwa?

TaniBoyTororo
Kituoni tangi liko chini ya ardhi, joto halibadiliki sana mchana na usiku. Lala salama.

LaktomitaKiruhura
Huku kwetu maziwa ndiyo kila kitu, na densiti ndiyo polisi wetu. Nafanya kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Lita moja ya maziwa mazuri ni kilo 1.03 hivi. Ile laktomita, kipimo cha densiti ya maziwa tunachokitumbukiza ndani, ikisoma 30 maana yake ni 1.030. Ya kawaida inacheza 28 mpaka 33.

Mtu akileta ndoo amechanganya maji, namba inashuka. Piga hesabu mwenyewe: lita 90 za maziwa ya 1.030 ni kilo 92.7, ongeza lita 10 za maji ambazo ni kilo 10, jumla kilo 102.7 ndani ya lita 100. Laktomita inasoma 27. Umekamatwa, ssebo.

Ila wajanja wapo. Siagi ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiondoa krimu juu, maziwa yaliyobaki yanakuwa mazito, yanaweza kufika 35 au 36. Sasa mtu anaondoa krimu ya kwake, halafu anaongeza maji kidogo, namba inarudi 30 safi kabisa! Ameiba mara mbili na laktomita inamsifu. Ndiyo maana siku hizi tunapima na mafuta pia, hatuamini namba moja. Na maziwa yenye joto la ng'ombe hatuyapimi, yanasoma chini. Tunayaacha yapoe na povu litoke, maana tusipofanya hivyo tunamwonea mfugaji asiye na kosa.

KijikoKimoja
Nimekubali kuhusu uji. Lakini mbona asali inazidi maji hivyo? Maji yenyewe yamo ndani ya asali.

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Swali zuri. Asali ni sukari iliyobanwa ndani ya maji kidogo sana. Nyuki anapepea kwa mabawa mpaka maji yanabaki chini ya sehemu moja kwa tano. Sukari yenyewe ina densiti karibu 1.6. Ukichanganya nyingi ya hiyo na maji kidogo, unaangukia kwenye 1.4 na kitu.

Chumvi nayo hivyohivyo. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji mpaka yakatae kupokea zaidi, lita moja ya maji hayo inafika kilo 1.2. Yai bichi zima linaelea humo. Kwenye maji ya bomba linazama.

KaseseMmoja
Mwalimu umenikumbusha Katwe. Wanaochota chumvi pale ziwani wanajua kwa mikono. Jerikeni ya maji ya chumvi na ya maji matamu, mtu anakuambia ipi ni ipi bila kuonja, kwa kuinyanyua tu.

BusiaDhahabu
Hamjabeba zebaki nyie. Huku kwenye machimbo kachupa kadogo ka mililita 100, unakanyakua kwa vidole viwili, kanakuangusha. Kilo moja na robo na zaidi.

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Ni 1.35 kwa hesabu. Jerikeni nzima ingekuwa kilo 270. Na tafadhali, mvuke wake ni sumu, usiichomee jikoni.

MamaSumbusa (Jinja)
Jamani mbona hamjafika jikoni? Mimi nakaanga sumbusa na mandazi, nanunua mafuta ya kula kwa jerikeni. Kuna duka linauza kwa bei nafuu kidogo, nikafurahi mwaka mzima. Baada ya kusoma uzi huu nimeenda kuangalia kibandiko: "kilo 18". Yale mengine ninayoyakimbia yameandikwa "lita 20". Je, ni sawa au si sawa?

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Mama, mafuta ya kula mengi ni kama 0.92. Gawa 18 kwa 0.92, unapata lita 19 na nusu na kidogo. Kwa hiyo unakosa karibu nusu lita kila jerikeni. Hawajakudanganya, wameandika. Linganisha bei ukiwa umegeuza zote ziwe lita, au zote ziwe kilo. Inawezekana bado ni nafuu.

MamaSumbusa (Jinja)
Nimepiga. Nafuu yake inabaki shilingi 500 tu. Na boda ya kufika huko ni 2,000. Mwaka mzima!

BodaWandegeya
Mama, boda haina hatia katika hili.

MzingaMmoja (Arua)
Nimerudi na namba. Chupa tupu gramu 22. Na maji gramu 540. Na asali gramu 752.

Mimi nilipiga 752 gawa kwa 540 nikapata 1.39. Kijana akaniambia, "Baba, umeuza na chupa." Kweli, sikutoa chupa. Maji peke yake 518, asali peke yake 730. 730 gawa kwa 518 ni 1.41.

Kwa hiyo jerikeni ni 20 × 1.41 = kilo 28.2. Jerikeni tupu nimeipima ni kilo moja, na ile mizani ya mahindi ilisoma 29 na ushee. Imekubaliana!

Jerikeni 25 ni kilo 705. Nimelipwa 500. Kilo 205 zimekwenda bure, mara 12,000, ni shilingi 2,460,000. Sijamwambia mke wangu.

LaktomitaKiruhura
Kilo 205, ssebo, hizo ni jerikeni saba nzima na kidogo. Ungepeleka 18 tu wangekuwa na kilo zao 500 na ya kuonja juu.

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Hongera kwa kijana. Maneno mawili tu.

Kwanza, jerikeni ya njano ukiijaza mpaka kwenye kifuniko inaingia zaidi ya lita 20. Kwa hiyo hasara inaweza kuwa kubwa kuliko ulivyopiga. Samahani.

Pili, hiyo 1.41 inakuambia na kitu kingine: maji yaliyomo. Kwenye nyuzi 20, asali yenye maji asilimia 17 ina kama 1.42, yenye asilimia 20 inashuka 1.40, yenye 21 inakuwa 1.395. Viwango vya kimataifa haviruhusu kuzidi 20 kwa asali nyingi, maana ikizidi hapo inaanza kuchachuka. Yako inaonekana iko salama, lakini usitembee na chupa ya soda ukijiita maabara. Ukikosea kujaza kwa mililita 2 tu, umekosea karibu asilimia moja nzima ya maji. Kwa kuuza kwa kilo chupa inatosha. Kwa kupima maji tafuta refraktomita.

KijikoKimoja
Basi hii ndiyo dawa ya asali feki! Tunapima densiti, ikiwa si 1.4 tunairudisha.

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Hapana. Ikiwa 1.3 imeongezwa maji au sharubati nyepesi, hapo sawa, irudishe. Lakini mtu akichemsha sukari mpaka ishikane vizuri anaifikisha 1.4 bila nyuki hata mmoja. Ni kama mwenye krimu wa Kiruhura. Densiti inaweza kumkamata mwongo, haiwezi kumthibitisha mkweli.

TaniBoyTororo
Hata kwetu. Ukichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli densiti inasogea kidogo tu, inabaki ndani ya kiwango. Ndiyo maana wanaweka alama ya kemikali kwenye mafuta halali, wakaguzi wanakuja kuipima kituoni.

WaragiSioMchezo
Swali la pembeni. Nikichanganya lita moja ya spiriti kali kabisa na lita moja ya maji napata lita mbili?

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Hupati. Kilo zinajumlika sawasawa: 0.79 na 1.00 ni 1.79. Lita hazijumliki. Maji na pombe vinabanana, unapata kama lita 1.93. Ndiyo maana naipenda kilo kuliko lita, kilo haina ujanja. Na usinywe spiriti ya viwandani, imeshawaua watu hapa nchini.

MzingaMmoja (Arua)
Nimewapigia duka. Wamesema: "Tuliagiza kilo 500, wewe umeleta jerikeni 25, tumelipa tulichoagiza." Nikawaambia mlipima? Wakasema hawakupima. Nikaangalia karatasi ya kupokelea, imeandikwa "asali jerikeni 25" tu, sahihi yangu chini. Nikauliza sasa mnauzaje? Wanauza kwenye chupa za gramu 500. Kumbe wanapopakia wanatumia mizani, wanapopokea wanatumia macho. Wananunua lita na kuuza kilo. Watu hawa!

BodaWandegeya
Waziri wa vipimo aingilie kati.

KaseseMmoja
Huo ni wizi mtupu. Mtu anajua unakosea na ananyamaza, anakupa soda!

MamaMizinga
Nimekaa kimya toka juzi nasoma. Niko Maracha, nina mizinga 40. Sikujui kaka MzingaMmoja, lakini wanunuzi wanaokuja kwetu wote ni kama wewe.

Umesema mwanzoni unanunua jerikeni kwa 180,000. Hiyo 180,000 mliipataje? Mnatuambia "mama, bei ni 9,000 kwa kilo, jerikeni kilo 20". Na sisi tunapiga makofi. Sasa gawa 180,000 kwa 28.2 yako. Ni 6,380 na kidogo kwa kilo. Ungetulipa 9,000 kweli, jerikeni ingekuwa 253,800.

Duka limekula kilo 205 zako kwenye safari moja. Wewe umekula ngapi zetu kwa miaka mitatu? Sisemi ulijua. Lakini na duka linaweza kusema halikujua.

BodaWandegeya
🔥 uzi umegeuka

LaktomitaKiruhura
Nnyabo amepima bila laktomita.

MzingaMmoja (Arua)
Mama, shikamoo. Nimekaa na maneno yako usiku kucha.

Naapa sikujua. Mimi nilidhani 180,000 ni bei ya kilo 20, nikauza kwa 240,000, nikabaki na 60,000 kabla ya lori. Nimepiga upya pamoja na kijana. Nikikulipa 9,000 kwa kilo ya kweli na nikauza 12,000 kwa kilo ya kweli, nabaki na 84,600 kwa jerikeni. Yaani ningekulipa wewe haki yako na mimi bado ningepata zaidi. Tuliyekuwa tunamlisha wote wawili ni yule wa mwisho mwenye mizani.

Ya nyuma siwezi kuyarudisha, pesa hiyo sikuila mimi, ililiwa Kampala. Hiyo nasema wazi nisije nikakuahidi uongo. Lakini kuanzia sasa nanunua kwa kilo. Nimeshaagiza mizani ya kuning'iniza ya kilo 50.

MamaMizinga
Marahaba. Hiyo ya "sikuila mimi" tutaiongea ana kwa ana, hapa watu ni wengi.

KijikoKimoja
Kwa hiyo anayeuza kwa kilo asali ikiwa na maji mengi anapata hasara au faida? Maji ni mepesi, ila anayauza kwa bei ya asali...

MwalimuWaMaabara (Gulu)
Faida, kwa bahati mbaya. Ukiongeza kilo moja ya maji umeuza kilo moja ya maji kwa 12,000. Densiti inashuka kidogo, kilo zinaongezeka. Ndiyo maana kilo na densiti zitembee pamoja: kilo kwa ajili ya pesa, densiti kwa ajili ya kujua unalipia nini. MzingaMmoja, nenda na ile chupa yako ya soda pia, utie alama ya wino pale inapoishia.

MzingaMmoja (Arua)
Nitabeba. Mama, naweza kuja Jumamosi? Niambie una jerikeni ngapi.

MamaMizinga
Ninazo sita, na jirani zangu wanazo kumi na moja. Wote nimewaambia, watakuwepo.

Mizani yako ilete. Ila kabla haijagusa asali ya mtu, utanunua hapo njiani chupa kumi za maji ya lita moja na nusu, zilizofungwa na kiwanda. Tutazifunga pamoja na kuzining'iniza. Kumi mara moja na nusu ni kilo 15, na plastiki yake juu kidogo. Ikisoma 13, unarudi nayo Arua.

BodaWandegeya
Mama, na hayo maji atayanywa nani?

MamaMizinga
Yeye. Maracha Jumamosi kuna jua.